Nimelipaka Dawa na Bado Linakunywa

Kama kuna ndugu yeyote wa mume wangu anasoma hapa, avute kiti akae. Leo nasema yote.

Ilianza mume wangu alipoacha kula chakula changu.

Nilimwekea sahani mezani, akaitazama kama imewekwa nyoka, akasema, "Nimeshiba."

"Umeshiba nini na ndiyo kwanza unatoka kazini?"

"Nimekula huko huko."

Kesho yake, nimeshiba. Keshokutwa, nimeshiba. Halafu jioni moja nikatoka kutupa takataka, nikamkuta ndani ya gari, kioo kakipandisha, anatafuna mkate mkavu. Mtu mzima, mbele ya nyumba yake mwenyewe, anakula kwa kujificha kama mwizi.

Nikagonga kioo. Akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Na ni wakati huo huo jiwe langu la jikoni lilianza kunywa mafuta.

Ngojeni niwaeleze hilo jiwe, maana kesi yote ni yake.

Kaunta ya jikoni kwangu ni ya graniti, kijivu yenye chembe nyeusi. Mimi napika keki za watu, na unga naukandia pale pale juu. Kabla yake nilikuwa na mbao iliyovimba kwa maji mpaka droo zikagoma kufunguka. Kwa hiyo jiwe lilipofungwa, jamani, nililipapasa kama mtoto mchanga. Sioni aibu kusema.

Aliyelifunga ni fundi tunayemwita Vumbi. Hata akioga, ukimpiga begani linafuka vumbi. Mdomo wake nao hauna breki.

Alipomaliza kazi akadondosha tone la maji juu ya jiwe. "Tazama hapo."

Tone likakaa kidogo, kisha likazama. Pale chini pakabaki peusi.

"Umeona? Linakunywa," akasema Vumbi. "Jiwe hili lina vitundu kama ngozi yako. Ukiliacha hivi litakunywa mafuta, chai, mchuzi, chochote, na kulitapisha ni kazi." Akatoa kopo kwenye mkoba wake. "Hii ndiyo dawa yake."

Akanifundisha. Lioshe, liache likauke kabisa. Lipake dawa kwa kitambaa laini, liache linywe, halafu futa yote iliyobaki juu kabla haijakauka, la sivyo itaacha ukungu. Kisha lipime kwa tone la maji. Tone likisimama kama shanga, ujue limeshiba. Likizama, paka tena.

"Na kusafisha?" nikamuuliza.

"Maji na sabuni kidogo ya vyombo, basi. Na nisikilizeni nyote wawili." Akainua kidole. "Adui wa dawa hii ni ndimu. Ndimu, siki, vitu vikali vya namna hiyo. Ukilisugua jiwe ndimu kila siku, ndimu inaua dawa."

Nyote wawili, maana yake mimi na wifi yangu. Yeye alikuwa kaegemea mlango wa jikoni, anakula karanga na kuangusha maganda sakafuni kwangu.

Wifi ni dada wa mume wangu. Alikorofishana na mumewe, akaja kwetu "kupumzika kidogo". Kupumzika kwenyewe kukaota mizizi. Akaanza kupanga masufuria yangu upya. Akaanza kuniambia chumvi nyingi, chumvi kidogo. Nikamwambia mume wangu chumbani kwa sauti ya chini, "Dada yako ni mpendwa, lakini atafute kwake." Sijui kuta za nyumba ile zilijengwa kwa kitu gani, asubuhi wifi hakunisalimia. Tangu siku hiyo tunasalimiana mbele ya wageni tu.

Kisha akaja mama mkwe wangu kutibiwa magoti. Nikampa chumba kinachopakana na jikoni, asihangaike na ngazi.

Na huyo mama, nisemeni mnavyotaka, nilimpenda. Alikuwa ananiita mwanangu. Alikuwa anakaa kwenye stuli jikoni ananisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa kikojozi mpaka amepevuka, tunacheka hadi tunashika mbavu.

Sasa ndipo jiwe likaanza vituko. Mwanzo lilitaka tu kurudiwa dawa, nikampigia fundi kumuuliza kama limezeeka; baada ya hapo likazidi.

Nadondosha tone la maji, linazama. Napaka dawa, tone linasimama kama shanga, nafurahi. Siku chache tu, linazama tena. Pale karibu na dirisha, ninapokandia unga, pakafubaa kabisa, pakawa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mafuta ya keki yakaingia, yakaacha doa jeusi kama sahani. Asubuhi nikiingia jikoni kunanukia ndimu, nikajua ni sabuni ya vyombo, maana tulikuwa tunatumia yenye harufu hiyo.

Fundi Vumbi sikumwacha apumue. Simu begani, mikono kwenye unga, na lazima nipige kelele, kwa sababu yeye muda wote yuko karibu na msumeno wake.

"Fundi, limeanza tena! Linakunywa kila kitu! ... Nimelipaka dawa, wapi, bado! ... Au limezeeka? ... Hili la hapa dirishani, ndiyo. ... Enhe, unga wa soda na maji, nikoroge uji mzito? ... Nilipake, nilifunike nailoni, lilale nayo hivyo hivyo? ... Na asubuhi litakuwa limetapika yote! ... Haya. Likishatapika nalipaka dawa, likishiba nalifuta."

Nikakata simu nikaendelea na unga wangu, sina hili wala lile.

Basi nyumba ikageuka.

Mama akanyamaza. Mwanangu ikafa, ikawa "wewe". Chai ninayompelekea nikawa naikuta imemwagwa nje ya dirisha, maua yangu yameganda sukari. Akanunua kikombe chake, akawa analala nacho. Siku moja nikakutana naye kwenye ujia, nimeshika kopo la dawa mkono huu na kitambaa mkono huu, nikamwambia kwa upole, "Mama, ngoja nimalizane na hili, nakuja kwako."

Alikimbia. Kwa magoti yale yale ya kutibiwa! Akaingia chumbani akafunga kwa ufunguo.

Nikamfuata wifi sebuleni. "Mama ana nini?"

"Muulize mwenyewe. Au unaogopa?"

"Niogope nini?"

"Mwenye kujua anajua." Hakuondoa macho kwenye kucha zake.

"Wifi, kama una neno liseme. Hii ni nyumba yangu."

Akatabasamu. "Kwa sasa."

Mkono uliniwasha, wallahi. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Usiku huo nikambana mume wangu. Akakwepa, akakwepa, mwishowe akasema huku anautazama ukuta, "Jumapili baba mkubwa anakuja. Kuna kikao."

"Cha nini?"

"Utasikia hapo hapo."

Nikamshika mkono. Akautoa.

"Mama hawezi kulala nyumba moja na wewe," akasema. "Na mimi mama yangu simtoi. Ujipange."

Ujipange! Mume niliyemuuguza, niliyemfulia, niliyemtetea kwa ndugu zangu mwenyewe. Anaambiwa jambo juu yangu, analibeba moyoni, anakula mkate ndani ya gari, na haniulizi swali hata moja. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote yanayofuata, na nalisema hapa ili alisome.

Jumapili ikafika. Sebuleni tukakaa mimi, mume wangu, mama, wifi, na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe. Huyu mzee hawezi kuanza sentensi kabla hajakohoa.

Akakohoa. "Mkwe, tumekuita. Unatuhumiwa kwamba unamwekea mama yako dawa."

"Dawa?"

"Usijifanye kushtuka!" Mama alisimama, kidole kaninyooshea. "Nimekusikia kwa masikio yangu haya! Unaongea na mganga wako kwenye simu, unapiga makelele, wala huogopi! 'Limezeeka hili!' 'Linakunywa kila kitu!' 'Nimelipaka dawa bado!' Eti 'nilifunike nailoni'! Nailoni, shemeji, kama nyama ya buchani! 'Asubuhi litakuwa limetapika yote'! Na ukacheka! Halafu unasema likishiba unalifuta!"

Akaanza kulia.

"Mimi ni wa kuitwa 'li'? Nimezaa, nimelea, nimezika mume, leo nimekuwa lizee? Jitu la kufutwa?"

Baba mkubwa akakohoa. "Maneno hayo uliyasema?"

"Niliyasema, lakini..."

"Kakubali!" Wifi akapiga makofi. "Kakubali mwenyewe, sikumlazimisha mtu!"

"Nilikuwa naongea na fundi!"

"Hata waganga wanaitwa mafundi," akadakia. "Fundi wako anatengeneza nini? Makaburi?"

"Nyamaza nimalize!"

"Kaka, unaona? Unaona anavyonifokea mbele ya wazazi?"

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikatoa simu. Nikasema simwelezi mtu kitu, atajieleza mwenyewe. Nikampigia Vumbi, nikaweka sauti ya nje, nikaiinua simu juu wasikie wote.

Akapokea kabla sijasema hata haloo. "Ehee, mama! Vipi, hilo bado linakusumbua?"

"Fundi, subiri kwanza..."

"Mimi nilikwambia hilo ni sugu! Dawa ya kopo hailiwezi tena. Usihangaike. Kesho nakuja na msumeno, nalikata vipande, tunalitoa kwa mlango wa nyuma. Nakuletea jipya, zuri, hata mumeo atafurahi!"

Mama alipiga yowe, nadhani lilisikika mtaa wa tatu. Baba mkubwa alisahau kukohoa. Mume wangu akaruka akasimama kati yangu na mama yake, mikono kaitanua, kama mimi ndiye mwenye msumeno.

"Fundi!" nikapiga kelele. "Taja jina lake!"

"Jina la nani?"

"La hilo unalotaka kulikata! Litaje!"

Kwenye simu ukasikika msumeno unazunguka, unapungua, unazima.

"Jiwe, mama," akasema Vumbi. "Kaunta ya jikoni. Kwani hapo kwenu kuna kingine kinachokunywa mafuta?"



Mkono wa mume wangu ukashuka taratibu.

"Nyanyukeni," nikawaambia. "Wote. Baba mkubwa, samahani, na wewe pia."

Nikawapeleka jikoni, simu bado mkononi, hata kuikata sikukumbuka. Nikachota maji kwa vidole. Nikadondosha karibu na sinki, tone likasimama kama shanga. Nikadondosha pale dirishani, likazama mbele ya macho yao.

"Hili ndilo 'li' lenu," nikasema. "Hili ndilo linalokunywa. Hili ndilo lililopakwa dawa na kufunikwa nailoni. Liguseni basi, si mnaliogopa?"

Baba mkubwa akaligusa. Akanusa kidole. Akakohoa.

Mama yeye hakulitazama doa la mafuta. Alikuwa anatazama pale palipofubaa. Akavuta stuli yake ya zamani, akakaa, na akasema kwa sauti ndogo, "Hapo ndipo ninaposugua."

"Unasugua nini, mama?"

"Ndimu. Kila asubuhi kabla hamjaamka. Hapo unapokandia unga." Akafuta pua kwa khanga. "Niliambiwa ndimu inaua dawa."



Sentensi hiyo ilishasemwa jikoni humo humo. Ilisemwa na mtu mmoja, akiwaambia watu wawili. Mmoja ni mimi.

"Mama," nikasema, "nani alikuambia?"

Mama aligeuza shingo polepole kuelekea mlangoni. Wifi alikuwa kaegemea pale pale alipoegemea siku ya karanga.

"Siku ya kwanza niliposikia ile simu nilikufuata wewe," mama akamwambia. "Nilikuuliza, mke wa kaka yako anamsema nani? Ukanijibu, 'Mama, humu ndani aliyezeeka ni nani?' Na ndimu ukaniletea wewe, mfuko mzima."

"Mama, mimi nami nilidhani..."

"Ulikuwepo fundi alipokuja?" mume wangu akamuuliza.

Sikilizeni. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu kesi ianze.

"Mimi? Sikumbuki. Labda nilikuwa nimetoka."

Simu mkononi mwangu ikakoroma.

"Alikuwepo!" Vumbi alikuwa bado anasikiliza, mmbea yule. "Si yule mla karanga? Akanifuata mpaka getini, akaniuliza tena, fundi, hiyo ndimu inaua dawa kweli? Nikamwambia dada yangu, unataka kuliua jiwe la watu hata halijaishi?"

Nikakata simu. Ilikuwa inatosha.

Nilitegemea alie. Nilitegemea aombe radhi, apige magoti, hata ya uongo. Thubutu! Alijisimamisha sawasawa, akanitazama usoni.

"Ndiyo. Nilitaka aondoke. Yeye alipotaka mimi niondoke mbona hamkumwitia kikao?"

"Mimi nilisema utafute kwako," nikamjibu. "Wewe umesema mimi ni muuaji."

"Tofauti yake nini? Yote ni kufukuzwa."

"Mwanangu." Mama hakupaza sauti hata kidogo. "Uliniacha niogope maji ya kunywa. Nililala na kikombe kifuani, namwomba Mungu nifike asubuhi. Na ulijua ni jiwe."

Hapo wifi akatazama chini. Mbele yangu mimi hakutazama chini, nataka hilo lijulikane.

Baba mkubwa akakohoa kikohozi kimoja kirefu. "Funga mizigo yako. Unarudi na mimi leo."

Alifunga kwa kubamiza makabati. Nikamsikia akipita jikoni "kunywa maji". Gari la baba mkubwa lilipoondoka nikaenda kuangalia. Nilimkuta ameniachia salamu: nusu ndimu, imefudikizwa katikati ya jiwe. Nilipoiinua, chini yake palikuwa na duara iliyopauka. Nilisugua kwa maji na sabuni, haikutoka.

Jioni ile mama aliketi kwenye stuli yake. "Nipe chai," akasema.

Nikampa. Akainywa mpaka tone la mwisho, ananitazama, wala hakuipuliza. Machozi yakanitoka bila kupanga. Hakuniomba msamaha na mimi sikumdai. Alinyoosha mkono akachukua kitambaa.

"Hebu nionyeshe hiyo dawa inapakwaje."

Na mume wangu? Amerudi kula. Anakula na kuomba aongezewe, anasifu kila kitu mpaka maji ya kunawa. Siku nyingine akaja na maneno matamu, eti amwite Vumbi aje aing'arishe ile duara ya ndimu iishe.

"Liache," nikamwambia.

"Li gani?" akauliza, anacheka, anadhani tumefika mahali pa utani.

Sikucheka. Nikampa kopo na kitambaa. Tangu siku hiyo dawa ya jiwe anapaka yeye. Kila tone linapozama anavua shati la kazini, anaosha jiwe, anasubiri likauke, anapaka, anafuta. Mama anamsimamia kwenye stuli, akiacha ukungu anarudia. Akifika kwenye ile duara anapita kimya kimya. Nitamwambia amwite Vumbi aing'arishe siku nitakayokuwa nimesamehe. Leo siyo.

Ninyi mnaosoma, chukueni hili muondoke nalo. Jiwe ambalo halijapakwa dawa hunywa chochote linachomwagiwa, kizuri au kibaya, na doa likishaingia halitoki kwa kufuta juu juu. Sikio nalo ni hivyo hivyo, na dawa yake haiuzwi kwenye kopo. Dawa yake ni kuuliza. Ukiletewa neno juu ya mtu unayelala naye kitanda kimoja, kabla hujalinywa, kabla hujaenda kujificha na mkate wako ndani ya gari, mgeukie umuulize, "Mke wangu, ni 'li' gani hilo?"

Mimi ningemjibu siku ile ile.